Rangi ya ngozi ya mgonjwa ni jambo la muuguzi, hata hapa Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ambao wasomaji wako wamekuwa nao kuhusu wauguzi wetu wanaokwenda kutafuta kazi Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Msomaji mmoja aliwaonya vijana hao wajiandae kubaguliwa kwa rangi yao. Mwingine akamjibu kwamba ubaguzi wa rangi ni tatizo la huko huko, na kwamba muuguzi anayebaki Mwanza akihudumia watu wa rangi yake hana sababu ya kujisumbua nalo. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi wodini na baadaye nimefundisha wauguzi hapa Kanda ya Ziwa. Yule wa kwanza nakubaliana naye kabisa. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumjibu, kwa sababu anayosema yanasemwa na wengi, wakiwamo wauguzi wenzangu, na kwa maoni yangu ni mawazo yanayoweza kumgharimu mgonjwa uhai wake.

Ubaguzi wa rangi katika huduma za afya hauishii kwenye matusi na dharau za mtu kwa mtu. Unaweza kuingia wodini pasipo mtu yeyote mwenye nia mbaya, kwa kuwa umo ndani ya kifaa kilichojaribiwa kwa watu wa rangi moja, ndani ya kitabu kilichoandikwa kana kwamba wagonjwa wote duniani ni weupe, na ndani ya imani tulizorithi kuhusu nani husikia maumivu na nani hasikii. Wodi inaweza kujaa Waafrika watupu, kuanzia mfagiaji hadi daktari bingwa, na bado mgonjwa akapimwa kwa kipimo ambacho hakikumfikiria.

Nianze na kifaa ambacho kila muuguzi anakijua, kile kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu, ambacho tumezoea kukiita oksimita. Kinapitisha katika kidole mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho, kisha kinakadiria oksijeni kutokana na kiasi cha mwanga kilichofyonzwa na damu. Lakini melanini, yaani ile rangi asilia ya ngozi, nayo hufyonza mwanga, na kwa miaka mingi vifaa hivi vilisanifiwa na kujaribiwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeupe. Mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya Marekani inayodhibiti dawa na vifaa tiba uliridhika na majaribio ya watu 10, ambao kati yao 2 tu ndio waliotakiwa kuwa na ngozi nyeusi. Desemba 2020, wakati dunia nzima ikifuatilia oksijeni ya wagonjwa wa UVIKO-19, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ambayo ningependa yabandikwe ukutani katika kila wodi. Waliwachukua wagonjwa ambao oksimita iliwaonyesha kuwa na asilimia 92 hadi 96, kiwango ambacho muuguzi akikisoma hutulia, kisha wakatazama kipimo cha damu iliyochukuliwa kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88. Kwa weupe, waliokutwa hivyo ni asilimia 3.6. Utafiti ule ulihusu watu wazima, na tafiti zilizofuata kwa watoto zimeonyesha mwelekeo uleule.

Sasa msomaji aichukue habari hiyo aipeleke visiwani, Ukara au Kome. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani amepokea mtoto wa mwaka mmoja anayekohoa na kupumua kwa shida. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto apewe oksijeni iwapo kipimo kiko chini ya asilimia 90, na hapa kidoleni inasomeka 92. Kumpa rufaa mtoto huyo maana yake ni kuvuka maji, kwa nauli ambayo mama yake pengine hana, labda usiku, labda ziwa likiwa limechafuka, kufika Nansio au Sengerema na kutoka hapo huenda hadi hospitali ya rufaa ya Bugando. Muuguzi hana namna ya kupima damu ya ateri, na daktari wa kumuuliza hayupo karibu. Alicho nacho ni ile namba, na namba inamwambia asubiri mpaka asubuhi. Mtoto yule akifariki alfajiri, nani atasema amekufa kwa ubaguzi wa rangi? Hakuna. Itaandikwa nimonia, na itakuwa kweli, lakini haitakuwa kweli yote.

Sisemi oksimita zitupwe. Kifaa kile kimeokoa maisha mengi, na zahanati isiyo nacho iko katika hali mbaya zaidi. Ninachosema ni kwamba muuguzi anayemhudumia mtu mweusi lazima ajue namba ile inaelekea kukosea upande gani: huelekea kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, hasa pale oksijeni inapokuwa imeshuka, yaani wakati uleule anapoihitaji zaidi. Kwa hiyo asome namba, kisha amtazame mgonjwa. Ahesabu pumzi kwa dakika nzima, akikumbuka kwamba pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni dalili ya hatari hata kidole kiseme nini. Atazame kifua kama kinabonyea, atazame ulimi na ufizi, aone kama mtoto ananyonya au ameshindwa. Aangalie kama mgonjwa amepaka hina au rangi ya kucha, na kama vidole ni vya baridi, kwa maana hayo nayo huvuruga kipimo. Na namba ikishuka kutoka 97 hadi 93 ndani ya saa chache, asisubiri ifike 89 ndipo ashtuke.

Vitabu navyo ni vilevile. Tuliosomea uuguzi hapa nchini tulifundishwa kwa vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani, na wanafunzi wa leo kwa sehemu kubwa wanafundishwa kwa vitabu vya huko huko, ambavyo vinasema dalili ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo, yaani kile cha kulala muda mrefu, ni ngozi kuwa nyekundu, mtoto mchanga aliyekosa hewa huwa wa bluu, na mwenye ugonjwa wa manjano huonekana wa njano mwili mzima. Mwanafunzi anakariri, anafaulu mtihani, kisha anapangiwa wodi ya mifupa kwa mzee wa Misungwi aliyevunjika nyonga, na kila siku anamgeuza akitafuta wekundu ambao hautatokea kamwe katika ngozi ile. Ngozi nyeusi inayoanza kuharibika huwa nyeusi zaidi au ya zambarau. Huwa ya moto au ya baridi kuliko ile iliyo jirani nayo. Huwa ngumu, au hulegea kama imejaa maji, na mgonjwa husikia maumivu au mwasho pale. Dalili hizo hutafutwa kwa kiganja cha mkono pamoja na macho. Mara nyingi ndugu anayemwogesha mgonjwa ndiye huwa wa kwanza kuligundua badiliko hilo, kwa sababu anaijua ngozi ya mzee wake, na muuguzi mwenye busara humuuliza.

Hata alama tunazompa mtoto anapozaliwa kupima hali yake, zile zilizobuniwa na daktari Mmarekani Virginia Apgar na kuchapishwa mwaka 1953, zina kipengele cha rangi ambacho kinampa mtoto alama 2 anapokuwa wa waridi mwili mzima. Mkunga wa Sumve au Magu ametafuta njia yake mwenyewe tangu zamani: hutazama midomo, ulimi, viganja na nyayo. Lakini njia hiyo ameipata kwa kuelekezwa na mkunga mwenzake, haikuwa kitabuni, na asiyebahatika kupata mwenzake wa kumwelekeza hubaki akibahatisha. Uingereza, ambako watoto weusi ni wachache, taasisi inayofuatilia usawa wa mbari katika afya ilitoa mwaka 2023 mapitio yaliyotaka vigezo hivyo vya rangi vitazamwe upya. Kabla ya hapo, mwaka 2020, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, alishirikiana na walimu wake wawili jijini London kuandaa kitabu cha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi, baada ya kuona kwamba hakuwa akifundishwa jinsi zinavyoonekana kwa watu wa rangi yake. Namheshimu sana kijana huyo. Lakini inaniuma kwamba kazi hiyo ilianzia London, ilhali sisi huku tumezungukwa na ngozi nyeusi mamilioni kwa mamilioni na tunaendelea kuwasomesha watoto wetu watafute wekundu.

Haki itendeke, nitaje pia mfano mzuri. Mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano, ambao wauguzi wa zahanati zetu wanautumia, unamwelekeza muuguzi atafute upungufu wa damu katika viganja vya mtoto, mahali ambapo weupe huonekana hata kwa mtoto mweusi sana. Waliouandaa walimfikiria mgonjwa wetu. Maana yake ni kwamba jambo hili linawezekana pale watu wanapoamua.

Kuhusu maumivu nitasema jambo ambalo halitawafurahisha baadhi ya wenzangu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari weupe walioko mafunzoni kuhusu miili ya watu weusi, na takribani nusu yao waliamini angalau jambo moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene kuliko ya mtu mweupe. Walioamini zaidi uongo huo walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na wakapendekeza tiba isiyotosheleza. Imani hiyo ni ya zamani. Ilistawi enzi za utumwa, kwa kuwa ilimfaa mwenye watumwa kuamini kwamba anayempiga hasikii. Je, hapa kwetu haipo? Mara ngapi tumesikia leba, kutoka vinywani mwa watu weusi kama wagonjwa wao, kwamba mama wa Kisukuma ana nguvu, amezoea jembe, huzaa bila kelele, kwa hiyo anayelia anajidekeza? Mama anaachwa na uchungu wake, na hata anaposhonwa baada ya kujifungua anaambiwa avumilie bila ganzi, kwa sababu wa aina yake huvumilia. Yule aliyekaa kimya kwa aibu anahesabiwa kuwa mzima, kumbe damu inamtoka. Marekani, takwimu za serikali yao zinaonyesha kwamba wanawake weusi hufariki kutokana na ujauzito na uzazi takribani mara tatu ya wanawake weupe, na mojawapo ya mambo yanayotajwa sana na familia za marehemu ni kwamba mama alisema anaumwa na hakusikilizwa. Uongo ule ule tumeuvika kanga na kuuita sifa ya kabila.

Muuguzi anaweza kufanya nini mbele ya jambo kubwa namna hii? Historia ya taaluma yetu inajibu. Hapa Tanganyika, Wajerumani walijenga mwaka 1897 hospitali ya kando ya bahari jijini Dar es Salaam kwa ajili ya Wazungu, huku Mwafrika na Mhindi wakitibiwa katika ile iliyopewa jina la mfanyabiashara Sewa Haji, na Waingereza waliendelea na utaratibu wa kutenganisha wagonjwa kwa rangi. Utaratibu huo ulikomeshwa na siasa za uhuru. Lakini Marekani walikuwapo wauguzi walioukabili wao wenyewe, na ningependa wanafunzi wetu wawajue kama wanavyomjua Florence Nightingale. Mary Eliza Mahoney alihitimu Boston mwaka 1879, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi kupata mafunzo rasmi ya uuguzi. Mwaka 1908, kwa mwaliko wa muuguzi Martha Franklin, wauguzi weusi 52 walikutana New York na kuunda chama chao, kwa kuwa vyama vya wauguzi vya majimbo mengi, hasa ya kusini, viliwafungia mlango, na pasipo chama cha jimbo mtu hakuweza kuingia katika chama cha taifa.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, chama hicho kikiongozwa kwa vitendo na Mabel Staupers, vita vya pili vya dunia vilipiganwa na jeshi la Marekani likaweka kikomo cha wauguzi weusi 56 tu, na baadhi yao wakapangiwa kuwahudumia mateka wa Kijerumani badala ya askari wa nchi yao. Staupers aliandika barua, alikusanya takwimu, aliwaendea wakubwa mmoja baada ya mwingine, akaonana na mke wa rais, Eleanor Roosevelt. Mwanzoni mwa 1945 serikali ilipotangaza kwamba wauguzi hawatoshi na huenda ikalazimika kuwaandikisha kwa sheria, alisimama hadharani na kuuliza kwa nini basi wauguzi weusi waliojitolea hawachukuliwi. Mwezi huo huo wa Januari jeshi la nchi kavu na la majini yalifungua milango. Chama kile kilijivunja mwaka 1951 baada ya wanachama wake kukubaliwa katika chama cha taifa, na mwaka 2022 chama hicho cha taifa kiliomba radhi rasmi kwa ubaguzi wake.

Kuna upande mwingine wa historia hiyo nisiouficha, kwa sababu ndio unaotuhusu zaidi sisi tulio weusi tukiwahudumia weusi. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wa Tuskegee, jimbo la Alabama, 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo, ili kuona ugonjwa ule unavyomla mtu usipotibiwa. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida kufikia 1947, hawakupewa. Aliyewatembelea majumbani, aliyewachukua kwa gari kwenda kupimwa, aliyejua majina ya watoto wao, ambaye kwa ajili yake walirudi mwaka baada ya mwaka, alikuwa muuguzi mweusi, Eunice Rivers. Sidhani kama alikuwa mtu mkatili; aliwaonea huruma na walimpenda. Lakini huruma yake ilikosa swali. Alifuata maelekezo ya madaktari, na upendo wake kwa watu wake ukawa ndio kamba iliyowafunga katika utafiti ule. Ninapoambiwa kwamba Mwanza hatuna ubaguzi kwa kuwa wote ni weusi, humkumbuka muuguzi huyo.

Nije kwenye jambo la kanda yetu hasa. Atakayesema kwamba ualbino si suala la mbari atakuwa sahihi. Ni hali ya kurithi, na mwenye ualbino ni Msukuma, Mkerewe au Mjita kama ndugu zake. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 13, inapokataza ubaguzi inataja rangi waziwazi, na sijui kundi lolote nchini lililoteswa kwa ajili ya rangi ya ngozi kuliko hili, hapa hapa Mwanza, Geita, Shinyanga na Simiyu, katika miaka ile ya mauaji ambayo watoto walilazimika kuhamishiwa shule zenye uzio na walinzi, kama ile ya Mitindo kule Misungwi. Mauaji yanajadiliwa, na ni haki yajadiliwe. Yasiyojadiliwa ni yale yanayotokea wodini.

Yanaanzia leba. Mtoto amezaliwa, ana nywele na ngozi nyeupe, na mkunga ndiye mwanadamu wa kwanza kusema neno. Nimeona wakunga wakinyamaza, wakiitana na kunong'onezana, mama amelala pale akijaribu kusoma nyuso zao. Dakika chache za kunyamaza huko zinamfundisha mama kwamba amezaa balaa. Na nimeona wengine wakimpa mama mtoto wake palepale, kifuani, wakisema hongera mama, umepata binti, amelia vizuri, kisha wakamweleza kwa utulivu kwamba mtoto ana ualbino na kwamba atahitaji kulindwa na jua. Baba akija aelezwe na yeye, tena mapema kabla jirani hajamweleza mambo mengine: kwamba hali hii hutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa ameibeba bila kujua, kwamba mkewe hakutembea na Mzungu, kwamba hakuna laana. Ndoa nyingi zimevunjika katika wiki ya kwanza ya mtoto kwa sababu hakuna muuguzi aliyesema maneno hayo.

Kliniki nayo isiishie kwenye uzito na chanjo. Mtoto huyu aangaliwe ngozi kila anapokuja, mama aonyeshwe namna ya kutumia mafuta ya kukinga jua, yakiwamo yale yanayotengenezwa Moshi, aambiwe habari za kofia pana na mikono mirefu, aambiwe pia kwamba mtoto haoni mbali na atahitaji kukaa mbele darasani. Saratani ya ngozi inayoletwa Bugando ikiwa imekwisha kula sikio au shingo ilianza kama kidonda kidogo kisichopona, na mara nyingi mtu mwenye kidonda hicho alikwisha kupita zahanati kwa malaria au kikohozi, akatibiwa malaria yake, na hakuna aliyemvua kofia.

Kuhusu vijana wanaokwenda nje, kwa kuwa ndio walioanzisha mjadala, nitasema kwa kifupi. Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza inawakataza waajiri wake kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo. Wenzetu wa Kenya walisaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021; muuguzi wetu anakwenda mwenyewe, na wakati mwingine kwa wakala, bila makubaliano kama hayo nyuma yake. Kwa hiyo ajue kwamba mgonjwa anaweza kukataa kuguswa na mikono yake, na ajue pia kwamba si lazima jambo hilo limezwe. Mwaka 2013 muuguzi mweusi wa jiji la Flint, jimbo la Michigan, aliishtaki hospitali yake kwa kutii matakwa ya baba wa mtoto aliyetaka wauguzi weusi wasimshike mwanawe, na hospitali ikakubali kumaliza kesi kwa fidia. Aandike kila tukio siku ile ile, tarehe, saa, aliyesema na aliyesikia. Ajiunge na chama cha wafanyakazi tangu mwezi wa kwanza. Na wakubwa wa hospitali zetu binafsi wasidhani hayo ni ya ughaibuni tu. Niliwahi kushuhudia katika hospitali moja ya kanda hii mgonjwa wa kigeni akidai asichomwe sindano na muuguzi Mwafrika, na uongozi ukahangaika kumtafutia Mzungu, huku muuguzi yule akiachwa amesimama na trei yake. Hakuna aliyemwambia pole. Mgonjwa ana haki ya kukataa tiba, lakini uongozi una wajibu wa kumwambia kwamba muuguzi hachaguliwi kwa rangi.

Ndugu Mhariri, ninayoyaomba hayahitaji mkopo wa nje. Baraza la Uuguzi na Ukunga litie katika mitihani ya usajili maswali ya dalili katika ngozi nyeusi, na katika ngozi yenye ualbino, kwa sababu mwanafunzi husoma kinachoulizwa. Vyuo vyetu vya Kanda ya Ziwa, vyenye walimu waliokaa wodini miaka mingi, vikusanye maarifa ambayo wakunga wamekuwa wakipokezana kwa mdomo na kuyaandika kwa Kiswahili. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla ya kusajili oksimita, imdai mtengenezaji ushahidi kwamba kifaa chake kimejaribiwa kwa idadi ya kutosha ya watu weusi, na Bohari ya Dawa isinunue kisicho na ushahidi huo. Nguvu tunayo: mapema mwaka 2025 mamlaka ya Marekani yenyewe ilitoa rasimu inayopandisha idadi ya watu wa majaribio kutoka 10 hadi 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi, na mtengenezaji atakayetimiza hayo kwa ajili ya soko la huko hana kisingizio cha kutuletea sisi kile cha zamani.

Na wauguzi walio zamu wasisubiri lolote kati ya hayo. Kitabu cha ripoti kipo katika kila wodi. Pale namba ya kidoleni inapopingana na hali ya mgonjwa, iandikwe hivyo, na mwenye zamu inayofuata aambiwe kwa mdomo wakati wa kukabidhiana. Chama cha Wauguzi mkoani kikusanye maandishi hayo, na maadhimisho ya Siku ya Wauguzi ya tarehe 12 Mei ijayo, ambayo tumezoea kuyajaza maandamano na nyimbo, yatenge saa mbili za kuyasoma mbele ya Mganga Mkuu wa Mkoa na kumwomba majibu.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Ilemela, Mwanza